Jezve na Siasa Zilizochemkia Ndani Yake

Ukiitazama jezve kwa mara ya kwanza, huenda usione sababu ya kuiandikia makala. Ni kijungu cha shaba chenye kitako kipana, shingo nyembamba, mdomo mdogo wa kumiminia na mpini mrefu. Ndani hupakwa bati, kwa kuwa shaba tupu haipatani na uchachu wa kahawa. Buni iliyosagwa hadi kuwa laini kama vumbi hutiwa humo pamoja na maji, na sukari kwa aitakaye, kisha huinjikwa juu ya moto mdogo. Shingo ile hulikusanya povu. Mashapo hutulia chini ya kikombe. Jina lenyewe, ambalo Waturuki huliandika cezve, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kaa la moto.

Kahawa ilitoka Ethiopia, ikavuka bahari hadi Yemen, ambako katika karne ya 15 masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Ilipofika Makka ilikutana na dola. Mwaka 1511 Kha'ir Beg, ofisa wa utawala wa Wamamluki, aliwakusanya wanazuoni ili waiharamishe. Amri hiyo haikudumu, kwani Kairo ililegeza msimamo. Hoja zilizotolewa zilikuwa za fikihi na za tiba, lakini msomaji makini huona kwamba kilichomsumbua ofisa yule hasa ni watu kukusanyika usiku na kuzungumza.

Katikati ya karne hiyo nyumba za kahawa zilifunguliwa Istanbul. Lugha yetu imelihifadhi jambo hili katika neno mkahawa, ingawa mikahawa yetu mingi leo huuza chipsi kuliko kahawa. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne aliamuru zifungwe. Tusimcheke upesi: mwaka 1622 askari wa Janisari walikuwa wamempindua na kumuua kaka yake, Osman wa Pili, na askari hao walikuwa miongoni mwa wateja wa baraza zile. Aliijua bei ya maneno. Lakini kufunga mkahawa ni kazi nyepesi. Kukagua jezve katika kila jiko la Istanbul ni kazi ambayo hakuna sultani aliyeiweza.

Lipo jambo ambalo vitabu vya utalii huliruka. Katika karne ya 18 kahawa iliyouzwa Istanbul na Kairo haikuwa tena ya Yemen peke yake. Wafaransa walileta kahawa ya bei nafuu kutoka makoloni yao ya Karibi, ikiwemo Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Huko ililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Mmea uliozaliwa Afrika ulipandwa ng'ambo kwa mikono ya Waafrika chini ya mjeledi, kisha ukarejea Mashariki kushindana na wakulima wa Yemen. Tunapousifu ustaarabu wa kikombe kile, na unastahili sifa, mashapo haya nayo tuyahesabu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Dola ya Uthmania iliipoteza Yemen, kisha yenyewe ikatoweka. Jamhuri mpya ya Uturuki, iliyohitaji kuokoa fedha za kigeni, ikageukia chai. Sheria ya mwaka 1924 ilihimiza kilimo chake katika eneo la Rize, pwani ya Bahari Nyeusi. Leo Waturuki ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa chai duniani. Jezve ikabaki kuwa chombo cha wageni na cha posa, siku ambayo binti huwapikia kahawa wazazi wa mchumba.

Nje ya Uturuki ugomvi ulihamia kwenye jina. Wagiriki waliagiza "kahawa ya Kituruki" kwa vizazi vingi. Uturuki ilipoivamia Saiprasi mwaka 1974, jina hilo likawa gumu kinywani, na "kahawa ya Kigiriki" ikatawala menyu. Wabosnia nao wana yao, na wanasisitiza kuwa si ile ile. Mwaka 2013 UNESCO iliuandikisha utamaduni wa kahawa ya Kituruki katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka miwili baadaye kahawa ya Kiarabu nayo ikaandikishwa kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Oman na Qatar.

Kinachonifurahisha ni kwamba Wagiriki walibadili jina la kinywaji, wakakisahau chombo. Bado wanakiita briki, kutoka ibrik ya Kituruki, iliyotoka ibriq ya Kiarabu, nayo ikiwa na asili ya Kiajemi. Ni neno lile lile lililofika pwani yetu na kuwa birika. Athens haijui hilo, na muuza kahawa wa Kariakoo, mwenye birika lake juu ya jiko la mkaa, hana haja ya kulijua.