Msaada wa kisheria katika maombi ya uraia wa tajnisi (Marekani)

Msaada wa kisheria katika maombi ya uraia wa tajnisi ni ushauri na uwakilishi anaopewa mgeni anayetaka kuwa raia wa Marekani. Ombi hupelekwa kwa fomu N-400 katika Idara ya Uraia na Uhamiaji (USCIS). Mwombaji awe ametimiza miaka 18 na, kwa kawaida, awe na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) kwa miaka 5, au 3 akiwa anaishi na mwenzi ambaye ni raia. Kwa wakimbizi, wakiwemo Wakongo wengi wasemao Kiswahili, miaka hiyo huhesabiwa tangu siku walipopokelewa nchini.

Sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili, wala serikali haimlipii. Wengi hujaza fomu wenyewe na kuapishwa bila tatizo.

Hatari iko kwingine: ombi hufungua upya jalada zima la uhamiaji. Afisa hulinganisha majibu ya leo na yale yaliyotolewa kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi nyuma, na mtoto ambaye hakutajwa wakati ule huzua maswali. Safari ya nje iliyozidi miezi 6 bila kufika mwaka huchukuliwa kuwa imekatiza ukaaji, mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Mwenye kadi ya kijani aliyejiandikisha kupiga kura, pengine kwa kutoelewa karatasi aliyopewa alipofuata leseni ya udereva, anaweza kufunguliwa kesi ya kuondolewa nchini. Mshauri mzuri huyachimbua hayo kabla fomu haijatumwa, na mara nyingine humshauri mteja asubiri.

Wanaoruhusiwa kumwakilisha mwombaji ni hasa wakili mwenye leseni ya jimbo lolote, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Huyu wa pili si lazima awe wakili. Hufanya kazi chini ya shirika lisilo la faida lililotambuliwa na wizara, na ada yake huwa nafuu. Wote hujitambulisha kwa fomu G-28. Vishoka, yaani washauri wasioidhinishwa, hawana fomu hiyo: huuza ushauri, huchukua fedha, na makosa humwangukia mteja.

Msaada huhitajika pia kwenye usaili, ambako mwombaji hufanya mtihani wa Kiingereza na wa historia na serikali. Mwenye umri wa miaka 50 na kadi ya kijani kwa miaka 20, au 55 na 15, husamehewa Kiingereza na huweza kuhojiwa kwa Kiswahili kupitia mkalimani, ingawa maswali ya historia na serikali yanabaki. Mgonjwa asiyeweza kujifunza huombewa msamaha kwa fomu N-648 inayojazwa na daktari.

Akikataliwa, mwombaji ana siku 30 za kudai usikilizwaji mwingine kwa fomu N-336. Akishindwa tena, huenda mahakama ya shirikisho, ambako jaji husikiliza ombi upya tangu mwanzo. Mahakama hiyo hufikiwa pia ikiwa siku 120 zimepita baada ya usaili bila uamuzi.