Mswaki na Maji katika Nchi ya Singida

Neno mswaki lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kijiti kitafunwacho ncha hata nyuzi zake zifumuke, ndipo kisuguliwe menoni. Mti mmoja maarufu kwa kazi hiyo, uotao katika nchi kavu, nao huitwa mswaki. Brashi ya dukani ilipofika haikutafutiwa jina jipya, bali ilirithi jina la kijiti. Basi lugha yenyewe yashuhudia ya kuwa usafi wa kinywa haukuanza na shule. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 1986, lilihimiza vijiti hivyo vitumiwe katika nchi zenye desturi hiyo.

Na usafi huo si pambo tu. Utando wa vijidudu ushikao meno hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hutoboa jino. Utando ukikaa kando ya ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu. Aumwaye jino hali vema wala halali vema; na mwenye kisukari akiwa na fizi mbovu huona taabu kuituliza sukari mwilini, na kisukari nacho huzidi kuziharibu fizi.

Lakini katika Singida, kwa Wanyaturu na Wanyiramba, liko jambo lililowapoteza wengi. Wako watu ambao meno yao yana madoa ya kahawia tangu kuota. Mgeni ayaonapo hudhani ni uchafu, na mtoto hutahayari kucheka mbele ya wenzake. Kumbe sababu imo majini. Nchi ile ni ya matale, na maji ya baadhi ya visima, yakipita katika miamba, huyeyusha madini ya floraidi. Mtoto ayanywaye miaka mingi wakati meno yake yangali yakiumbwa ndani ya ufizi, meno hayo hutokea na madoa, wala mswaki hauyaondoi.

Jambo hili lilichukua muda kujulikana. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akaona wenyeji wengi wana madoa kama hayo. Alitafuta sababu miaka thelathini, hata mwaka 1931 floraidi ilipogunduliwa katika maji. Baadaye ikajulikana ya kuwa floraidi kidogo hulinda meno yasioze, bali ikizidi huyaharibu, na ikizidi sana hudhuru hata mifupa na viungo.

Nchini Tanzania, mwaka 1974, kipimo cha muda kiliruhusu miligramu 8 za floraidi katika lita moja ya maji ya vijijini, kwa kuwa maji yalikuwa haba, na kuvifunga visima vingi kungaliwaacha watu na kiu. Kisha kipimo kikashushwa hata 4, na mwaka 2018 kikawa 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Duniani. Lakini kuandika kipimo ni kazi nyepesi kuliko kupata kisima chema.

Basi sisi tulio walimu yatupasa kupambanua mambo mawili. Jino lililooza na ufizi utokao damu vyataka mswaki, asubuhi na kabla ya kulala, na sukari ipunguzwe. Jino lenye doa la maji halitaki karipio. Tuwaambie wazazi ya kuwa kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Ya kuwa maji ya mvua, yakikingwa na kuhifadhiwa kwa usafi, ni bora kwa watoto wadogo. Ya kuwa magadi ya mbogani huweza kuongeza madini hayo. Na ya kuwa dawa ya meno ya mtoto mchanga iwe kiasi cha punje ya mchele, wala asiimeze. Na tukague kisima kabla hatujamhukumu mtoto. Maana tukimwaibisha kwa doa asilolifanya, atafumba kinywa chake, na jino lioozalo hatutaliona.