Kukimbia na Kuhamishwa: Safari za Watu wa Goma Mbele ya Nyiragongo

Wataalamu wanaotunga vielelezo vya hesabu kuhusu safari za watu wakati wa hatari huanza na mambo matatu: idadi ya wakaaji, uwezo wa barabara na saa ya kutolewa kwa amri. Historia ya Goma yaonyesha kwamba hayo hayatoshi, na sarufi ya Kiswahili yadokeza sababu. Anayekimbia ndiye mtenda. Anayehamishwa hutendwa na mwingine. Vielelezo vingi vimejengwa juu ya kitenzi cha pili.

Walio mbali nasi waliligundua jambo hili mwaka 1979, mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ulipoharibika nchini Marekani. Gavana wa Pennsylvania aliwashauri wajawazito na watoto wadogo waliokaa karibu na mtambo waondoke, yaani watu elfu chache tu. Waliondoka wapatao 144,000.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia Goma, ikaukata mji vipande viwili hadi Ziwa Kivu. Watu kati ya 300,000 na 400,000 waliondoka, wengi wao bila kungoja amri. Waliokuwa mashariki ya mkondo ule walivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Wa magharibi walishika njia ya Sake. Kufikia hapo hesabu ya barabara ingeweza kufaulu. Lakini baada ya siku chache wengi walirudi, wakipita juu ya mawe ambayo hayajapoa, ilhali mashirika ya misaada yalikuwa yakiwaandalia kambi. Anayehesabu mwendo wa kwenda pekee hufunga daftari mapema mno. Wala tusiuite upumbavu: nyumba isiyo na mtu huporwa, na kambini hakuna biashara ya kumlisha mtoto. Hata hivyo gharama ilikuwapo, kwani makumi ya watu waliangamia kituo cha mafuta kilipolipuka mjini siku hizo za kurudi.

Mwaka 2021 vitenzi vyote viwili vilitumika ndani ya juma moja. Usiku wa 22 Mei watu walikimbia. Lava ikakoma Buhene, pembeni mwa mji, na wengi wakarudi kesho yake. Tarehe 27 Mei, ardhi ikiendelea kutetemeka, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe kuelekea Sake. Waliondoka wapatao 400,000. Barabara ilisongamana, lakini wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, wengine wakaingia Rwanda, kila mmoja akifuata alikokuwa na jamaa wa kumpokea. Amri ilitaja njia. Ukoo ulitaja mwisho wa safari. Serikali ilipotangaza kurudi kwa awamu mwezi Juni, wapo waliokuwa wamekwisha rudi.

Sisi wa Kindu hatuna volkano, bali tuna mto. Komini ya Alunguli iko ukingo wa kulia wa Lualaba. Kasuku na Mikelenge ziko kushoto, pamoja na reli na uwanja wa ndege. Daraja hakuna. Atakayetaka kutunga kielelezo cha mji huu aache kwanza kupima barabara, ahesabu mitumbwi, kisha aulize wapiga kasia wanakaa ukingo upi, maana kila mmoja wao atawavusha kwanza watu wa nyumbani kwake.