Chuo Kikuu na Mitaa Inayochakaa

Asafiriye kutoka Iringa kwenda Mbeya hufika Uyole kabla ya kuingia mjini, pale njia ya Tukuyu na Malawi inapoachana na ile ya Zambia. Hapo yako mashamba ya utafiti, na mtaalamu wa mbegu hana budi kumwuliza mkulima. Katika jambo la nyumba desturi hiyo ilichelewa mno.

Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1962, dawa ya mitaa mibovu ilidhaniwa kuwa ni kuibomoa. Katika Dar es Salaam nyumba za udongo zilivunjwa, zikajengwa za saruji; lakini gharama ilikuwa kubwa, na nyumba hazikuongezeka kwa kadiri ya watu. Ndipo mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ikageuza shauri: viwanja vipya vipimwe, na mitaa iliyokwisha kujengwa itiwe maji na barabara pasipo kuwahamisha wenyeji. Mbeya ilikuwamo katika awamu ya kwanza, na Mwanjelwa ikapata fungu lake. Iringa ikafuata katika awamu ya pili. Shauri lilikuwa jema, ila mkopo ulipokwisha, wa kuzibua mitaro alikuwa nani?

Jibu moja lilitoka Hanna Nassif, mtaa wa Dar es Salaam ulio kando ya bonde la Msimbazi, ambako mafuriko yaliingia hata vyumbani. Tangu mwaka 1994 wakazi, kwa chama chao wenyewe, walijenga mitaro kwa mikono yao na kwa ujira, na walimu wa Chuo cha Ardhi wakawa washauri wao wa ufundi. Chuo hicho kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mfadhili huja na kuondoka. Chuo hubaki, na kila mwaka hupata vijana wapya wa kutumwa mtaani. (Wapangaji nao wasisahauliwe, maana mtaa ukikauka kodi hupanda.)

Mbeya haina udhuru. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012, kiko Iyunga, si mbali na Mwanjelwa. Wanafunzi wake wa ujenzi wasianze kwa kuchora nyumba mpya. Waanze kwa kupita nyumba kwa nyumba na daftari, waandike nani mwenye nyumba, nani mpangaji, choo kiko wapi, na maji ya masika hupitia mlango upi.