Daftari la Kidijitali na Historia ya Mwambao wa Gatete



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia nayo ni mali. Ukitaka leo kujifunza habari za Gatete, katika eneo la Rumonge kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, utapata mtandaoni, kwa muda mfupi, matini, picha na chati ambazo zamani zilimlazimu mtu kusafiri hadi maktaba za Ulaya. Utaweza kuzikusanya zote katika daftari moja la kidijitali ndani ya simu yako. Kuzipata si kazi tena. Kazi ni kuzipanga kwa namna ambayo haitakupotosha wewe, wala yeyote utakayemwonyesha.

Tuanze na matini. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, kisha wakapanda mitumbwi hadi Uvira. Kitabu cha Burton cha mwaka 1860 kinasomwa mtandaoni bila malipo. Mwaka 1879 wamisionari wa shirika la White Fathers walifungua kituo Rumonge. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa hapo. Habari hizo tunazijua hasa kutokana na maandishi ya wageni. Warundi wa mwambao, walioona mambo yale yale kwa macho yao, hawakuacha barua. Kwa hiyo, kila unaponakili aya katika daftari lako, andika chini yake majibu ya maswali mawili: ni nani anayesema, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema?

Picha nazo zina hila zake. Mchoro maarufu wa Stanley akimwamkia Livingstone ulichorwa kwa ajili ya wasomaji wa kitabu. Hakuna kamera iliyowapiga picha Ujiji siku ile ya mwaka 1871. Baadaye wawili hao walipita kwa mtumbwi kwenye mwambao huu wa Burundi, wakafika mdomo wa mto Rusizi, na kuthibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani wala hautoki. Huko Mugere, kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Picha za jiwe hilo husambaa zikiwa na maelezo kwamba ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza, jambo ambalo si kweli. Basi, chini ya kila picha andika mambo matatu: tukio lilikuwa lini, picha ilitengenezwa lini, na umeitoa wapi.

Chati huonekana kuwa kweli kuliko vyote, kwa kuwa nambari hazina sauti ya kushawishi. Lakini chunguza mfano huu. Mkoa wa Rumonge ulianzishwa mwaka 2015 kwa kumega Bururi na Bujumbura Vijijini. Kisha mgawanyo mpya, uliopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, ukauweka mji wa Rumonge katika mkoa wa Burunga. Mtu akilinganisha idadi ya watu au mavuno ya mawese ya "mkoa" bila kuangalia mipaka ya mwaka husika, atadhani watu wamehama, kumbe ni mipaka iliyohama.

Sasa tufikie jambo zito zaidi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliua watu wengi, hasa Watutsi na maofisa wa serikali. Serikali ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu nchini kote. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao, mashamba na michikichi ya mwambao vilipata wenyewe wengine. Wakimbizi waliporudi, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, walikuta kwenye viwanja vyao familia zilizozaliwa hapo, baadhi zikiwa na hati za serikali. Mwaka 2006 tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa kusikiliza mashauri hayo. Mmoja alishika karatasi. Mwingine alimtaja babu yake na mchikichi alioupanda.

Ndiyo maana daftari lako si mchezo. Ukihifadhi ukurasa unaotaja wafu wa upande mmoja tu, umeandaa silaha, hata kama kila neno ndani yake ni la kweli. Ukikuta makadirio mawili yanayotofautiana, usichague linalokupendeza. Yaandike yote mawili, pamoja na aliyeyatoa na mwaka wake. Picha ya maiti isiyo na jina, tarehe wala mahali usiisambaze: aliyekufa ana jamaa, nao wanastahili heshima.

Katika Kiswahili, neno "kumbukumbu" lina maana mbili: yale yaliyomo moyoni, na yale yaliyoandikwa. Katika mwambao wa Gatete, maana hizo mbili zimewahi kukutana mbele ya wasuluhishi zikiwa mikononi mwa watu wawili wanaodai shamba moja. Mwanafunzi hawezi kuwaamua. Anachoweza ni kutunza daftari ambalo wote wawili wakilisoma, kila mmoja atajiona ametajwa kwa haki.

Zoezi lako la wiki hii: chagua matini moja, picha moja na chati moja kuhusu mahali unapoishi. Andika chanzo, tarehe na aliyekosekana. Kisha mpe mzee wa mtaa wako asome, na uandike atakayokusahihisha.