Ngujini si Mbali na Bahari

Ndugu msomaji, mwambie kijana wa mjini kwamba kwenu ni Ngujini, uone. Atakuuliza, "Ndio wapi huko?" Ukimjibu ni Upareni, hapo hapo anaanza zile hadithi za ubahili, na za Mpare anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya, tumwache acheke. Sisi tuzungumze historia.

Ngujini ni kata ya Wilaya ya Mwanga, katika milima ya Upare Kaskazini. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 1979. Kabla ya hapo Upare wote ulitawaliwa kutoka Same. Wengi huiona milima hii kama kisiwa kilichosahaulika huko bara. Mimi nasema sivyo. Bahari ni jirani yetu tangu zamani.

Tuanze na mvua. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukigonga milima hupanda, hupoa, na mvua hunyesha. Ndiyo maana huku juu kuna msitu wa Kindoroko, kuna migomba na kahawa, lakini ukishuka Mwanga au Lembeni unapokelewa na jua, vumbi na miiba. Maji nayo hurudi yalikotoka. Ziwa Jipe humwaga katika mto Ruvu, Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto Pangani huyateremsha hadi baharini.

Watu nao walifuata njia hiyo hiyo. Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani ilipita tambarare chini ya milima yetu ikielekea Kilimanjaro, ikitafuta pembe na, kwa aibu ya historia, binadamu. Wala Wapare hawakukaa tu kungoja wageni. Wahunzi wa Ugweno, wa ukoo wa Washana, walifua chuma kilichouzwa mpaka Uchagani. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa Upare, aliyaandika mambo ya tawala hizo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Kisha ikaja reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Tangu hapo mtu wa mlimani akishuka stesheni ameshafika njia ya pwani.

Sasa mgeni akisema watu wa milimani ni wapole, msimulie habari za Mbiru. Serikali ya Mwingereza ilileta kodi ya kupanga watu kwa madaraja ya mali. Nani alijua mali ya mwenzake ni kiasi gani? Mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same, wakakaa pale kwa zamu miezi na miezi, bila silaha, wakidai kodi iwe moja kwa wote. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakatoka kumkabili mkuu wa wilaya: waume zao warudi nyumbani, mambo yaishe. Mwishowe kodi ile ikafutwa.

Nguvu ya kukaa kwa zamu waliitoa wapi? Mimi naona waliitoa kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mlimani: maji ya kijito hujaa usiku, asubuhi hufunguliwa, kila shamba kwa zamu yake. Tope likijaa, watu huitwa kwenye msaragambo, kazi ya wote isiyo na malipo. Mtu aliyezoea kungoja zamu ya maji hashindwi kungoja serikali.

Lakini jamani, siku hizi msaragambo unaitwa na wanaokuja ni wazee. Sisi vijana tuko Dar es Salaam, Arusha, Moshi. Ndiva ikijaa tope na msitu ukikatwa, hasara haiishii Ngujini. Kule Pangani wakulima wameona maji ya chumvi yakipanda mtoni kwa sababu maji matamu ya kutoka juu yamepungua. Bahari inayotuletea mvua nayo inatungoja tuirudishie maji yake.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, likizo ijayo usiende kwenu kula ndizi na kupiga picha tu. Uliza msaragambo ni lini, uchukue jembe.