Mtoto kwenye Uwanja wa Vita: Nyangwe na Kasongo

Huko Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, mtoto anayetembea na wazazi wake hukuta mnara wa luteni Lippens na sajini De Bruyne, waliouawa Kasongo mwaka 1892. Mtoto wa Maniema anayefikishwa na jamaa zake Nyangwe, mahali penyewe pa vita, hana budi kusomeshwa na mto.

Wazazi wengi humpa maelezo mafupi: Wazungu waliwafukuza Waarabu waliouza watumwa. Ukatili wa biashara ile si wa kufichwa. Julai 1871 Livingstone alishuhudia mamia ya watu wakiuawa katika soko la Nyangwe. Hata hivyo, maelezo hayo humwondoa Mkongo katika historia yake mwenyewe. Gongo Lutete, aliyekuwa mtumishi wa Tippu Tip, aligeuka mwaka 1892 akaunganisha wapiganaji wake na jeshi la Dhanis, afisa wa Dola Huru ya Kongo. Upande wa Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, nao ulijaa watu wa bara. Jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, baada ya kuvushwa Lualaba kwa mitumbwi ya Wagenya. Kasongo ikatekwa tarehe 22 Aprili.

Basi mzazi asimame ukingoni, aulize kabla ya kusimulia. Jeshi lisilo na mitumbwi litavukaje maji mapana namna hii? Mitumbwi ilikuwa ya nani? Mwenyewe alitazamia faida gani, na angepatwa na nini kama angekataa? Mtoto wa miaka minane huweza kuyapima hayo (tarehe zaweza kungoja). Kwa aliyekwisha pevuka huongezwa swali gumu zaidi: kwa nini Septemba 1893 maafisa wa Dola ileile walimhukumu Gongo Lutete na kumpiga risasi huko Ngandu, miezi michache tu baada ya kuwasaidia kushinda?

Liko pia jambo ambalo halihitaji mnara wala kitabu. Mtoto huyo hujibu kwa Kiswahili, lugha iliyofika Maniema pamoja na misafara ya walioshindwa. Hata jina la Kingwana latokana na wangwana, wale watu huru wa misafara hiyo. Washindi walikuja na Kifaransa, lakini iliwabidi kuwaamuru askari na wapagazi kwa lugha waliyoikuta.